Mjadala: Lancelot na mwanawe Galahad, nani alikuwa naiti wa kweli?

Mleta mada

Wakuu, wasomaji wengi wa hadithi za Mfalme Arthur huona ni jambo lililokwisha: Galahad alimzidi baba yake kwa kila kitu. Mimi nabisha.

Kwa wasiowafahamu, Lancelot ndiye aliyeogopwa kuliko manaiti wote wa Meza ya Duara, wale askari wapanda farasi waliomwapia Arthur. Tatizo lake lilikuwa moja: alimpenda Malkia Guinevere, mke wa bosi wake. Galahad ni mwanawe wa nje, aliyepatikana kwa hila. Lancelot aliingizwa chumbani kwa binti wa Mfalme Pelles akidhani anakutana na malkia.

Sasa tazameni kazi ya kijana. Anapewa unaiti na Lancelot mwenyewe, anafika Camelot, makao ya Arthur, anakaa kwenye Kiti cha Hatari ambacho asiyestahili hakikalii akapona. Siku hiyohiyo anachomoa upanga uliochomekwa kwenye jiwe jekundu linaloelea mtoni. Baadaye msituni anamwangusha baba yake kutoka kwenye farasi, na naiti mwenzao Perceval naye, wala hawamtambui. Hajashindwa hata mara moja, hajatamani, hajasita. Hiyo ni timu inayocheza na refa wake! Ushujaa uko wapi?

Lancelot alipotakiwa aujaribu upanga ule, alikataa mbele ya watu wote, akasema si wake. Mtu aliyezoea kushinda kila mashindano. Kwangu hilo ni zito kuliko kuuchomoa.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mbona umeruka maovu yote? Aliapa kumtumikia Arthur, kisha akamchukulia mke. Siku alipomwokoa malkia asichomwe moto, katika vurugu zile aliwaua Gareth na Gaheris, ndugu wawili wasio na silaha mkononi. Hakuwatambua, sawa, lakini Gareth alipewa unaiti na Lancelot huyohuyo na alimpenda sana. Kwa damu ile kaka yao Gawain alikataa suluhu, vita vikavuka bahari hadi Ufaransa, na huku nyuma Mordred, mwana wa Arthur mwenyewe, akajitangaza mfalme. Nitajie ufalme uliovunjwa na Galahad, nami nitanyamaza.

Mchangiaji wa pili

Mnawajadili kama watu waliokua mtaa mmoja. Lancelot anapata umaarufu kwa Chrétien de Troyes, mshairi wa Ufaransa, karne ya 12. Huko ni mpenzi kwanza, mengine baadaye. Ili ajue malkia aliyetekwa kapelekwa wapi, anapanda mkokoteni wa kubebea wahalifu, aibu kubwa kwa mtu wa hadhi yake. Alisita hatua mbili tu kabla ya kupanda, na malkia akamnunia kwa hatua hizo mbili.

Galahad wakati huo hayupo kabisa. Anatokea karne ya 13, katika hadithi ya kutafuta Kikombe Kitakatifu, kile kinachosemwa alikitumia Yesu kwenye karamu ya mwisho, na wasomi wengi wanaona ndani yake fikra za watawa wa Cistercian. Kabla yake mwenye safari hiyo alikuwa Perceval. Kwa hiyo kijana alitungwa makusudi awe kile ambacho baba alishindwa kuwa. Hata jina Galahad ndilo alilobatizwa nalo Lancelot. Mwandishi ameshaamua mshindi, nyinyi mnakata rufaa.

Mleta mada

Asante, umenipa silaha. Kama aliletwa ili baba ahukumiwe, basi huyo ni hakimu, tusimwite naiti.

Damu ya Gareth siitetei. Ila someni Malory, yule Mwingereza ambaye kitabu chake kilichapishwa na Caxton mwaka 1485. Galahad ameshafariki Sarras, mji wa mbali ilikoishia safari ya kikombe, ndipo analetwa Urry, naiti wa Hungaria mwenye majeraha saba yasiyofunga, mama yake akimzungusha nchi kwa nchi. Arthur anayagusa, hola. Manaiti zaidi ya 100 wanagusa, hola. Lancelot hataki, analazimishwa, anapiga magoti na kuomba kimoyomoyo, kisha anagusa jeraha moja baada ya jingine, na yote yanafunga. Watu wanashangilia, yeye analia kama mtoto aliyechapwa. Galahad angelilia nini?

Mchangiaji wa kwanza

Analia kwa sababu anajijua! Na muda si mrefu baada ya kilio hicho ananaswa usiku chumbani kwa malkia. Machozi hayakumzuia kitu.

Mchangiaji wa tatu

Mmesahau meli. Baba na mwana walikaa chomboni pamoja kama nusu mwaka, wakitua visiwani na kupambana bega kwa bega, hadi Galahad alipoitwa aendelee na safari yake. Na saa ya kufa kule Sarras, baada ya kukiona alichokitafuta, alimwachia Bors salamu kwa baba yake, amkumbushe kuwa dunia hii haitulii. Anayesema kijana hakuwa na moyo anamwonea.

Mimi lakini kura yangu naipeleka kwa Bors huyo, binamu ya Lancelot. Aliteleza na mwanamke mara moja, akajirekebisha, akakiona kikombe kama Galahad, kisha akarudi Camelot kazini.

Mleta mada

Bors mfungulie mada yake. Hapa tunahesabu kura za baba na mwana tu.