Mkufunzi wa simuleta asiyeruka tena: abaki au aondoke?

Mleta mada: Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinamzuia rubani aliyefika miaka 65 kurusha safari za kimataifa za abiria. Simuleta, mashine ya ardhini inayoiga chumba cha marubani, haina kikomo hicho, ndiyo maana wastaafu wengi huishia kwenye ukufunzi. Hoja yangu: asiyekwenda angani asimsainie anayekwenda. Taratibu zinabadilika, yeye anafundisha alivyozoea.

Kiti cha Nyuma: Sikubali. Kipindi ni saa nne, kila rubani mbili, na muda wote huo mkufunzi harushi kitu, anatazama. Chukua zoezi la injini ya kulia kuzimika mara baada ya V1, kasi ambayo ukiipita huachi tena kupaa. Pua inavutwa kulia. Dawa ni pedali ya kushoto, ikanyagwe mpaka pua itulie, ndipo ndege inyanyuliwe polepole kuliko kawaida. Wengi hukimbilia usukani wa mkono. Ukizungushwa sana, vibamba vya juu ya bawa huinuka na kula mnyanyuko, wakati msukumo uliobaki ni nusu. Mkufunzi mzuri anaangalia usukani umelalia wapi: ukilalia kushoto, mguu wa kushoto bado haujafanya kazi yake. Kuliona hilo hakuhitaji uwe umetua Nairobi juzi.

Mleta mada: Hapo umenena, ila hilo ni zoezi la mashine. Msongamano wa redio, uchovu wa safari ya usiku, orodha ya ukaguzi inayokatizwa na mhudumu anayebisha hodi, hayo atayafundisha kwa kumbukumbu ya lini?

Fundi wa Majeki: Mnagombania umri, kumbe hatari iko kwenye mashine. Simuleta ya daraja D, la juu kabisa, inasimama juu ya miguu sita. Inaegemea nyuma, nawe unadhani unaongeza kasi! Haiwezi kukupa uzito wa kuvuta ndege kutoka kwenye stoli, yaani bawa linapopoteza mnyanyuko. Ndege ya abiria, flapu (vipanuzi vya nyuma ya bawa) zikiwa ndani, kikomo chake ni 2.5 g, yaani mara mbili na nusu ya uzito wa kawaida, na ndani ya simuleta rubani huvuka hapo bila mwili kumwambia lolote. Mkufunzi asipofungua ukurasa wa g kwenye skrini yake, anampongeza aliyezidisha mzigo wa mabawa.

Mifano ipo. American Airlines 587, New York, 12 Novemba 2001, watu 265: mkia ulikatika kwa pedali kukanyagwa kwa nguvu huku na huku, na wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walitaja mafunzo ya shirika, pamoja na zoezi la simuleta, kuwa yalichangia. Baada ya Ethiopian 302 iliyokuwa ikija Nairobi Machi 2019, watu 157, Boeing ilikiri kwamba simuleta za 737 MAX, aina ya ndege hiyo, hazikuiga sawasawa ugumu wa gurudumu la trimu, linalozungushwa kwa mkono kurekebisha mkia ili pua isipande wala kushuka. Mkufunzi kijana au mzee, wote wangefundisha gurudumu jepesi.

Kiti cha Nyuma: Ndiyo maana Marekani mkufunzi wa simuleta hutakiwa, ndani ya miezi 12, aruke angalau safari mbili au amalize mpango ulioidhinishwa wa kuketi chumba cha marubani akitazama. Mstaafu anaingia kwa mlango wa pili.

Mleta mada: Basi tuandike na idadi ya safari za kutazama, na moja iwe ya usiku. Kiti cha ziada hakina pedali, lakini redio anaisikia.