Mjadala: Je, Marcos alikuwa na haki ya kuizima Voltes V?

Mleta mada

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa hoja, matusi tuyaache nje. Agosti 1979 Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino aliagiza katuni za maroboti ziondolewe kwenye televisheni. Zilikuwa kadhaa, ila iliyowauma watu zaidi ni Voltes V, anime ya Kijapani ambayo kituo cha GMA kilikuwa kikiirusha kila Ijumaa jioni tangu Mei 1978. Sababu iliyotolewa: ina vurugu mno na wazazi wanalalamika. Zilikuwa zimebaki sehemu chache tu hadithi ifike mwisho.

Kwa wasioijua: ilitoka Japani mwaka 1977, ina sehemu 40, mwongozaji ni Tadao Nagahama. Dunia inavamiwa na Waboazania, watu wenye pembe kutoka sayari nyingine. Vijana watano wa kambi ya Big Falcon wanapanda vyombo vitano vinavyoungana angani na kuwa roboti moja kubwa yenye upanga. Watatu kati yao ni ndugu wa tumbo moja, na baba yao mwanasayansi ametoweka. Kila wiki linashuka dude jipya, kila wiki dude linachanwa kwa alama ya V. Sitawadanganya, sehemu nyingi ni moto na kelele tu.

Utamu wote uko kwa huyo baba. Alizaliwa Boazania, kwenye ukoo wa kifalme, lakini bila pembe, na kule asiye na pembe ni mtumwa. Akavaa pembe za bandia. Akaja kufichuliwa, akavuliwa cheo, akaongoza uasi wa watumwa, ukazimwa, mwishowe akakimbilia duniani na kuoa. Kwa hiyo hawa vijana wanaotetea kwao wana damu ya adui mwilini. Zardoz, mwanamfalme wa Boazania anayeongoza uvamizi, mwishoni kabisa anagundua kwamba hao anaohangaika kuwaua ni ndugu zake wa baba mmoja. Watumwa wanainuka, mfalme mnyang'anyi anaanguka, vita vinakwisha.

Sasa msimamo wangu. Marcos hakuwakinga watoto na vurugu. Vurugu walishazitazama kwa zaidi ya mwaka mzima, wakazishiba. Alichowanyima ni ule mwisho, pale hadithi inapouliza nani aliwapa wenye pembe haki ya kuwatawala wasio nazo, na pale adui anapogeuka kuwa kaka. Kama ubaya ulikuwa vita, amri hiyo iliwaachia watoto vita na kuwanyang'anya amani iliyofuata.

Ufilipino ilikuwa chini ya sheria ya kijeshi tangu 1972, kwa hiyo wengi huko wanaamini kilichomtisha rais ni watumwa kumwangusha mfalme. Wengine wanasema ni biashara tu: kituo pinzani cha RPN kilikuwa mikononi mwa rafiki yake Roberto Benedicto, na Ijumaa jioni nchi nzima ilikuwa GMA. Hizo ni tetesi zenye mantiki, mzipokee kama tetesi. Mimi nataka tujadili sababu iliyotajwa wazi, kulinda watoto. Je, serikali ina haki ya kuzima hadithi ya vita ya watoto? Na kama inayo, inaitumia wapi?

Mama Wawili

Kaka, una watoto? Nauliza kwa heshima.

Unawaongelea wazazi wa Manila kana kwamba malalamiko yao yalikuwa kisingizio cha rais. Huenda rais aliyatumia, sawa, lakini mzazi anayemwona mwanawe akimpiga mwenzake kwa fimbo akiigiza roboti hajatumwa na mtu. Mtoto wa miaka mitano hatazami mwisho wa hadithi. Anatazama upanga. Hiyo falsafa yako ya pembe na watumwa umeiona wewe, mtu mzima uliyekaa na sehemu zote 40.

Fundi Redio

Mama Wawili amepatia, tena kwa sababu ambayo hakuitaja. Zile katuni zilizaliwa kuuza midoli. Kampuni ya Popy ilikuwa ikiuza hayo maroboti, na chombo kinachogawanyika vipande vitano kinakupa bidhaa tano za kumuuzia mzazi yuleyule. Mambo ya baba na watumwa Nagahama aliyapenyeza katikati ya tangazo. Namheshimu kwa hilo.

Nje ya mada kidogo: mwaka huo 1979 sisi Tanzania Bara televisheni yenyewe hatukuwa nayo, tumekuja kuipata 1994. Zanzibar tu ndiyo iliyokuwa inaona picha, tena za rangi. Na miezi ileile vijana wetu walikuwa wanarudi kutoka vita vya Kagera. Hapakuhitajika katuni kumweleza mtoto wa Bukoba maana ya kuvamiwa.

Mpwani Muscat

Huku Ghuba hadithi yetu ni Grendizer, si Voltes V. Nayo ni ya Kijapani, ya 1975, ilitiwa sauti za Kiarabu kule Lebanon na wimbo wake akauimba Sami Clark. Hata leo ukiuanzisha kwenye harusi, wanaume wenye ndevu nyeupe wanaupokea. Mwenye roboti ni Duke Fleed, mwana wa mfalme aliyekimbia sayari yake baada ya kuteketezwa, akalelewa duniani kwenye ranchi kama mtoto wa watu.

Tazameni wakati. Lebanon ilikuwa ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza 1975 na kumalizika 1990. Watoto wa Beirut wanatazama katuni ya vita, na nje kuna vita. Mtawaambia hiyo katuni ndiyo inayowaharibu? Kwa wengi ilikuwa nusu saa ambayo anayeshinda ni anayelinda. Mimi niko na mleta mada.

Ila haki isemwe, si Marcos peke yake aliyeshtuka. Ufaransa walipoanza kuionyesha Grendizer mwaka 1978 kwa jina la Goldorak, wazazi na waandishi wa habari walipiga kelele kwelikweli. Katuni haikuzimwa kwa amri ya rais. Watu walibishana, basi.

Jirani wa Nairobi

Hapo kwa "walibishana, basi" ndipo penye jibu. Kwetu Kenya, mwaka 2017, bodi ya filamu ilitangaza kupiga marufuku katuni kadhaa za kigeni kwa hoja ya maadili. Sitaki tuanze kubishania maadili yenyewe, huo ni uzi mwingine na utafungwa kabla ya saa nne usiku. Ninachosema ni kwamba bodi ina kazi halali: kupanga umri, kupanga saa. Weka saa mbili usiku, weka alama ya umri, mzazi achague. Kuzima kabisa ni mtu mmoja kujifanya mzazi wa watoto wote wa nchi.

Mtu wa Bukavu

Ndugu zangu, nimewasoma wote. Mnabishana kuhusu upanga na kuhusu mwisho. Hakuna aliyegusa kinachonisumbua mimi: kwa nini ni watoto?

Mwishoni mwa 1996 majeshi ya AFDL, waasi wa Laurent Kabila, yalipoingia Bukavu, yalikusanya watoto. Tuliwaita kadogo. Waliwekwa kwenye magari wakiwa na mabuti ya mpira na bunduki zinazowazidi kimo, wakaenda hivyo hadi Kinshasa, Mei 1997, na watu wakawapigia makofi kwa sababu Mobutu alikuwa amekimbia. Hao pia waliambiwa wanakomboa nyumbani. Na haikuwa uongo mtupu, hapo ndipo ubaya wake. Miaka michache baadaye yakawa yaleyale Ituri, na Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa huko, akahukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu mwaka 2012 kwa kuwaingiza vitani watoto walio chini ya miaka 15. Kifungo miaka 14.

Sasa nirudi kwenye maroboti yenu. Katika hadithi hizi daima kuna sababu safi kabisa kwa nini mtu mzima hawezi kupanda chombo. Damu yake haifai, au chombo kimetengenezwa kwa ajili ya mtoto fulani. Evangelion, katuni ya Kijapani ya 1995, hata haioni haya: marubani wana miaka 14 na wanaowatuma ni wazazi na wakubwa wa ofisi. Kila mtunzi anakuja na sababu yake, lakini anayebaki chini akitazama kioo ni mtu mzima, na anayekwenda ni mtoto.

Marcos simtetei hata kidogo. Lakini mleta mada akisema mwisho mzuri unaosha yote, namkatalia. Kadogo nao walipata mwisho mzuri, waliingia mji mkuu wakishangiliwa.

Mleta mada

Ndugu wa Bukavu, hapo umenikamata pagumu, nami sitajaribu kukupinga kwa mzaha. Sikusema mwisho unaosha yote. Nilisema aliyezima alizima kipande ambacho kingemfanya mtoto aulize maswali, akaacha kipande kinachomfundisha kukata. Hilo bado nalishikilia. Lakini swali lako la kwa nini watoto ni kubwa kuliko langu, na Voltes V hailijibu. Vijana wake wanarushwa vitani tangu sehemu ya kwanza na hakuna mtu mzima anayekosa usingizi kwa hilo.

Mama Wawili, watoto sina, nina wapwa. Nikuulize hivi: waliozimiwa katuni mwaka 1979 walikuwa vijana ilipofika Februari 1986, na Marcos aliondolewa na umma uliojaa barabara ya EDSA bila bunduki. Hiyo vurugu waliyofunzwa iko wapi?

Mama Wawili

Waliosimama mbele ya vifaru pale EDSA walikuwa masista, wanafunzi, na mama zao. Usimpe roboti sifa ya masista.

Fundi Redio

Naomba nimjibu mtu wa Bukavu, maana ipo katuni iliyojaribu kuligusa swali lake. Inaitwa Zambot 3, ya Yoshiyuki Tomino. Ilimalizika Machi 1978, mwezi uleule ilipomalizika Voltes V huko Japani. Marubani ni watoto watatu wa ukoo mmoja, watu waliotoka sayari iliyoangamizwa. Wananchi wanaowatetea wanawachukia: ninyi ndio mliotuletea maadui, ondokeni. Adui anawateka raia na kuwatega mabomu ndani ya miili yao kisha anawarudisha nyumbani. Na hao watoto walifundishwa kuendesha roboti wakiwa usingizini, kwa njia iliyowaondolea woga wa vita. Walioamua ni wazee wa ukoo. Watoto wawili kati ya watatu wanakufa. Katuni ya midoli hiyo, saa za jioni.

Halafu Aprili 1979, miezi minne kabla ya amri ya Marcos, Tomino huyohuyo akaja na Gundam. Rubani ana miaka 15. Kuna sehemu anagoma kabisa kupanda chombo, anapigwa kofi na kamanda wake, na huyo kamanda ana miaka 19. Watazamaji walikuwa wachache, midoli haikutoka, wakaikata kutoka sehemu 52 zilizopangwa hadi 43. Leo ndiyo kubwa kuliko zote.

Kwa hiyo ukimpa rais kalamu ya kufuta kila chenye roboti na damu, anafuta na Zambot. Anafuta hasa hadithi inayomwonyesha mtoto kwamba mkubwa anayekuambia usiogope huenda amekuondolea woga kwa makusudi yake.

Mtu wa Bukavu

Hiyo ya usingizini imenifikia. Kadogo nao walipewa vitu wasiogope. Nikubali basi: hiyo isizimwe. Lakini isiwekwe Ijumaa jioni kwa mtoto wa chekechea, hapo nasimama na Mama Wawili na jirani wa Nairobi.

Mleta mada

Kwenye umri na saa nakubaliana nanyi, sina tena cha kubisha. Kwenye amri ya kuzima nimebaki pale pale. Wafilipino walirudishiwa Voltes V baada ya 1986, na sehemu za mwisho zikaja kupelekwa hadi kwenye majumba ya sinema mwaka 1999. Waliozikosa wakiwa watoto waliingia wakiwa wazazi.

Mtu wa Bukavu

Mimi nawaomba watunzi kitu kimoja. Waandike moja ambayo mtu mzima anakwenda hadi kwenye chombo, anamfungua mtoto mkanda, anamshusha, anapanda yeye. Sehemu 40 za huyo mtu mzima, hata akiwa na kitambi.

Fundi Redio

Midoli yake nani atanunua?

Mama Wawili

Mimi.