Nimeitwa MWIZI mbele ya wateja kwa kufungua faili la mteja wangu!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule bwana wa programu za maduka ya dawa, mnamjua, yule akipiga chafya anakutumia ankara, leo kaniita mwizi. Kaunta imejaa watu. "Mwizi huyo! Kachakachua programu yangu!" Sauti imefika Kigamboni.

Mwizi! Mimi!

Leseni ya mteja wangu, mwenye duka la dawa, ya kutumia programu hiyo imeisha, ikafunga rekodi zote: dawa zinazokaribia kuisha muda, wadaiwa, kila kitu. Rekodi kaziandika mwenyewe! Nilichofanya ni kuchambua faili limepangwaje, nikazihamishia kwenye programu nyingine. Sijanakili hata mstari mmoja wa msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu. Nikamweleza kwa adabu. Akamgeukia mama aliyekuwa anasubiri dawa ya kikohozi: "Mama, shika pochi yako." Na mama akaishika, wakuu! Akaibana kwapani huku ananitazama!

Marekani, 1992, kampuni ya gemu ya Accolade walifumua gemu za wenzao Sega kuona zinavyofanya kazi, ili za kwao zicheze kwenye mashine ya Sega. Mahakama ya rufani ikasema kufumua kwa lengo hilo ni matumizi halali. Ulaya sheria inaruhusu tangu 1991 ili programu zielewane. Hakimiliki yake ni ya msimbo wake, si ya hesabu za panadol za mtu mwingine! Eti shika pochi!

kibuyu77: Mkataba uliusoma, mkuu? Hao Sega hawakusaidii Kariakoo.

Dada wa Stoo: Mama kaibana kwapani 😂😂😂 bosi kanigeukia.

Mleta uzi: Dada, usicheke. Nimedhalilishwa.

mzee_wa_gesti: Huyo huyo alinifungia mfumo siku ya Idi. Wageni wamelala mapokezi!

kibuyu77: Afadhali nyie. Printa yangu inakataa wino usio wa kampuni, eti chipu. Lexmark, watengeneza printa, waliwashtaki Static Control, watengeneza chipu za katriji, kwa mambo hayohayo, rufani ya 2004 kule Marekani ikawageuka Lexmark. Mbona yangu bado inagoma?

Dada wa Stoo: Yangu inasema wino umeisha, nikitikisa katriji nasikia unacheza!

Mleta uzi: Turudi kwenye mada. KANIITA MWIZI.

mzee_wa_gesti: Dada, hizo za kujaza unanunua wapi?

Dada wa Stoo: Njoo inboksi.