Fundi kaniunganishia tovuti ya kujichapisha yenyewe, sasa mjomba anajua namwita bahili

Wakuu, nina hasira ya siku tatu, acheni niitapike hapa.

Mimi natembeza wageni hapa Tanga, Amboni hadi magofu ya Tongoni. Miaka minne notsi zangu zote ziko Obsidian, programu ya kuandikia notsi: mkonge ulioletwa na Mjerumani Hindorf 1893, reli iliyofika Moshi 1911, vita vya Novemba 1914 na wale nyuki ambao wageni hawachoki kuwauliza. Na kwa kuwa kichwa ninacho kimoja, humo humo naandika na yangu: nani namdai, tarehe za kliniki za mama, ugomvi wa minazi na mjomba.

Nikataka historia tu iwe tovuti. Kijana mmoja nikampa elfu themanini, akaniwekea Quartz, programu inayogeuza notsi kuwa tovuti. Nikihifadhi notsi, Git (programu inayotunza matoleo ya mafaili) inaibeba, tovuti inajijenga upya bila mimi kugusa kitu. Nikamsifia kwa watu!

Ijumaa tumetoka msikitini, tupo kwenye kahawa Barabara ya 8, mjomba kaniuliza mbele ya baraza zima: "Mpwa wangu, huyu 'bahili wa kurithi' ndiyo mimi?"

Binti yake alikuwa anasoma ukurasa wa Tongoni kwa ajili ya shule. Chini kabisa kuna orodha ya notsi zinazoutaja ukurasa huo. Mle kwenye notsi ya minazi niliwahi kuandika tutaonana tukitoka [[Tongoni]]. Mabano hayo tu ndiyo huunganisha notsi na notsi, mtoto kabonyeza.

Nampigia fundi ananiambia: "Kaka, za siri ungeziandika draft: true, yaani rasimu, zisitoke." Sasa mimi ningejuaje? Yaani kila kitu kinatoka mpaka nikizuie kimoja kimoja! Nimekesha nasoma maelekezo, kumbe kuna kichujio kinaitwa ExplicitPublish: notsi haitoki mpaka uiandike publish: true. Kukiweka ni mstari mmoja kwenye faili la mipangilio. Hata folda ukiipa jina private, inarukwa tangu awali. Elfu themanini, mtu hakuniuliza hata folda zangu zikoje.

Na hicho kichujio kinashika notsi tu, picha zinapita. Kadi ya kliniki ya mama niliyoipiga picha nayo ilikuwa hewani.

Eti "futa tu, yameisha". Yameisha wapi? Git inatunza kila toleo la nyuma, na hifadhi ya mtandaoni yanakokaa mafaili hayo aliiacha wazi kwa yeyote. Nilichofuta leo, mtu anakifukua kesho akitaka.

Tovuti nimeizima, hifadhi nimeifunga. Aliyewahi kusafisha historia ya Git kwa git filter-repo, zana ya kufuta faili kwenye matoleo yote ya nyuma, aje anielekeze taratibu, kompyuta yangu ni moja na sina nakala nyingine. Fundi ujumbe anasoma, hajibu.

Mjomba nimempelekea kilo tano za sukari. Kazipokea. Salamu hajaitikia.