Michoro ya Kolo: tuipeleke mtandaoni au tuiache mlimani?

Mchoraji_AreaC
Wadau, habari za jioni. Mimi ni mchoraji, niko hapa Dodoma mjini. Kuna vijana wenzangu wanaandaa maonyesho kuhusu nafasi: nafasi ya kusimama kwa miguu, nafasi ya mtu na nafsi yake, na nafasi ya mtandaoni. Wanataka kazi kuu iwe Mungomi wa Kolo, lile jabali lenye michoro ya kale kule Kondoa. Watapiga picha kila pembe, kompyuta iziunganishe, mgeni avae miwani ukumbini ajione yuko chini ya jabali. Baadaye kila kitu kiwekwe wazi mtandaoni.

Nasita. Pale unapanda mawe hadi pumzi zinakata. Ukiinama chini ya jabali huoni kitu. Macho yakishazoea kivuli ndipo wale watu wembamba wekundu wanaanza kujitokeza mmoja mmoja, wengine wana vichwa vikubwa vya ajabu. Kwangu mimi kule kupanda na kule kusubiri ni sehemu ya mchoro. Ukiuondoa mlima unabaki na nini? Naomba maoni.

Nkuhungu_Teki
Mkuu, unabaki na mchoro, ambao usipochukua hatua hautakuwepo. Wafaransa walilifunga pango lao la michoro ya kale, Lascaux, mwaka 1963 kwa sababu wageni walikuwa wengi na pumzi zao zinaharibu kuta. Wakajenga nakala, ikafunguliwa 1983, na watu wanakwenda kuiona. Kilwa Kisiwani nako watu wa Chuo Kikuu cha Cape Town walishayapima magofu kwa mitambo. Kondoa rangi zinafifia tunaangalia. Na tuseme ukweli: kuliko kuwaachia waganga waendelee kuimwagia pombe, bora ikae kwenye kompyuta ambako hakuna wa kuigusa.

MwanaIrangi
Hapo kwenye pombe hapo. Rudia tena, nikuelewe vizuri.

Mungomi ni mahali pa matambiko. Mvua ikigoma watu wanapanda, mgonjwa akishindikana wanapanda. Bibi zangu wamepanda pale. UNESCO walipoiingiza Kondoa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, moja ya sababu walizoandika ni hiyo hiyo: kwamba wenyeji bado wanapatumia. Leo kijana wa Nkuhungu anasema sisi ndio waharibifu. Ulishawahi kufika?

Nkuhungu_Teki
Nimefika, tena zaidi ya mara moja. Sijamtukana mtu. Pombe na mafuta vikigusa rangi vinaacha alama, hilo halihitaji digrii.

MwanaIrangi
Maji je? Waulize wazee wa Kolo ni nani alikuwa anayamwagia majabali maji ili rangi zing'ae kwenye picha. Ni wageni wenye kamera. Kila wakimwaga, chumvi ya jiwe inatoka juu inaacha utando. Hao hukuwataja. Mwenye kamera ni mtaalamu, mwenye kibuyu ni mharibifu.

MamaKondoaMjini
Mnagombana na mmemsahau mharibifu mkubwa. Wanaochimba dhahabu ya Mjerumani! Watu waliaminishwa kwamba Wajerumani walipokimbia vita walifukia mali chini ya majabali yenye michoro. Usiku wanachimba na sururu. Shimo moja tu na vumbi lote linaruka juu, linaganda kwenye mchoro. Na pale chini kuna vigae na mawe ya watu wa kale, vyote vinatupwa nje kama takataka. Hao si wageni, ni vijana wetu wenyewe.

MwanaIrangi
Mama, kwa heshima zote, wanaochimba wengi wanatoka mbali na ramani zao za uongo. Usituunganishe.

MamaKondoaMjini
Mwanangu, wanaowaonyesha njia usiku ni nani?

Binti_Farkwa
Nimesoma kimya, sasa niseme. Kaka MwanaIrangi unaongea kama vile michoro ni ya Warangi. Ile myekundu ni kazi ya wawindaji waliokuwepo kabla ya wakulima kufika, na wapo wataalamu wanaoiunganisha na sisi Wasandawe. Babu zetu wana ngoma ya simbo, mtu anacheza hadi anaingia hali nyingine, anakuwa simba. Ukiangalia zile picha za watu waliopinda, utaona kitu. Ile myeupe ndiyo ya baadaye. Kwa hiyo anayetaka ruhusa Kolo peke yake amefika nusu ya njia.

MwanaIrangi
Dada, hakuna aliyewafukuza. Ila tambiko la Mungomi leo linafanywa na nani? Aliyechora alishaondoka. Anayepanda ndiye mwenye mahali.

Binti_Farkwa
Ndiyo kauli ya kila aliyekuta nyumba ya mwenzake wazi.

Tena mnasema nafasi, nafasi, mnazungumzia jiwe tu. Shangazi yangu alipigwa picha akiwa kwenye ngoma, macho yamefumba, nguo imeteleza begani, yuko katikati ya jambo lake. Ile picha leo iko kwenye tangazo la kampuni moja ya utalii. Hakuulizwa. Wajukuu zake wanaiona kwenye simu. Ibara ya 16 ya Katiba inasema kila mtu anastahili hifadhi ya nafsi yake na maisha yake binafsi. Tuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Sasa nyie mnaokwenda na kamera Kolo, siku mkikuta watu wapo kwenye tambiko mtafanyaje? Mtamfuta mtu kwenye picha au mtamwacha kwa sababu anapendeza?

Nkuhungu_Teki
Mitambo inapima jiwe, dada, haipimi watu. Tunakwenda pakiwa hapana mtu.

Binti_Farkwa
Hapana mtu, lakini vitu vyao vipo. Chungu kipo, majivu yapo, kitambaa kimefungwa. Hivyo navyo mtavipeleka mtandaoni?

MzeeKizota
Wanangu, nawasoma tangu saa kumi. Mwaka 1951 mama Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale, alikaa Kondoa miezi kadhaa, akaweka karatasi angavu juu ya jiwe na kufuatisha mchoro kwa mkono. Kazi ile mimi naiheshimu, kuna michoro aliyoinakili ambayo leo macho yangu hayaioni tena jabalini. Lakini tazameni karatasi zake: zina twiga, zina pofu, zina watu, jabali lenyewe halipo. Ufa wa jiwe ambao mchoraji wa kale aliutumia haupo. Kila anayenakili anachagua cha kuacha. Hata hao wa kompyuta wanachagua, ila yao inaonekana kama imechukua yote, ndiyo maana inanitisha zaidi. Eneo lenyewe ni kilomita za mraba 2,336, lina majabali ya michoro zaidi ya 150. Mgeni akivaa miwani akazunguka Mungomi kwa dakika chache, atatoka akisema ameiona Kondoa.

Mchoraji_AreaC
Asante sana Mzee, umenipa kitu. Naona niwapendekezee wapime, ila ile sehemu ya matambiko iachwe tupu. Mgeni akifika hapo kwenye miwani akute giza, ajue kuna mahali hajakaribishwa. Hiyo yenyewe ni kazi ya sanaa.

Nkuhungu_Teki
Hapo unaharibu kumbukumbu, mkuu. Miaka hamsini ijayo mtu akitaka kujua pale palikuwaje, anakuta giza. Pima vyote, fungia vingine, ufunguo wakae nao wenyeji.

MamaKondoaMjini
Ufunguo wa kompyuta utakaa Kolo kwa nani? Na mkiweka bure mtandaoni, wale vijana wanaowapandisha wageni mlimani watakula nini? Mgeni akitoka Dodoma kwenda Babati sasa hivi lami tupu, anapita bila kusimama. Mkimpa na sababu ya kutosimama kabisa, basi.

Nkuhungu_Teki
Mama, aliyeona kwenye simu ndiye atakayesimama. Nani anasimama mahali asipopajua?

MamaKondoaMjini
Wajukuu zangu wameiona bahari kwenye simu miaka yote, hawajawahi kuniomba nauli ya Dar.

Binti_Farkwa
Teki, wewe unajua mambo ya kompyuta. Ile picha ya shangazi inaondolewaje? Niliwaandikia mara ya kwanza wakanyamaza.

Nkuhungu_Teki
Nitumie kiungo chake faragha, dada. Kwanza piga picha ya skrini yenye tarehe, usiwape nafasi ya kukana. Halafu andika malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ukitaja kwamba shangazi hakuombwa ridhaa. Nitakusaidia kuandika, leo usiku nipo.

MwanaIrangi
Vizuri kumsaidia dada yetu. Na ile ya pombe bado hujaifuta.

Nkuhungu_Teki
Sifuti. Njoo tupande wote, unionyeshe jiwe lililoharibiwa na maji, nikuonyeshe lililoharibiwa na mafuta.

MwanaIrangi
Jumamosi. Ukifika Kolo uliza ofisi ya Mambo ya Kale, nitakuwa hapo nje. Kamera acha nyumbani.