Mrejesho: Kifusi cha zege kwenye barabara ya vumbi

Niliuliza awali kama kifusi cha majengo yaliyobomolewa kinafaa kwa barabara ya kijijini isiyo na lami, nanyi mkanishauri kipondwe na kuchekechwa kwanza. Tuliondoa nondo, mbao na jasi, kisha tukachanganya zege lililopondwa na udongo wenye mfinyanzi kidogo ili chembe zishikane. Kazi kubwa ilikuwa maji, kwani zege kuukuu hunywa maji kuliko kokoto za kawaida, hata ikabidi tulimwagilie siku moja kabla ya kushindilia. Baada ya mvua za kwanza, palipo na zege pamekaa imara kabisa. Lakini palipozidi matofali ya kuchoma, magurudumu yameyasaga yakawa unga mwekundu, na hapo, kwa masikitiko, tutafumua upya. Mteremko wa asilimia 5 kutoka katikati unamwaga maji vizuri mitaroni. Asanteni sana.