Mrejesho: Kabureta au EFI kwa Corolla yenye injini ya 2E

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza iwapo Corolla yangu ibaki na injini yake ya 2E yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa bila kompyuta) au niiwekee injini ya 4E-FE yenye EFI (mfumo wa kunyunyizia petroli unaoongozwa na kompyuta), kwa kuwa hapa Mbeya ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi na ilitoa moshi mweusi milimani. Nimeamua kubaki na kabureta, walau kwa sasa.

Fundi alipoifungua alikuta sindano inayofunga petroli kwenye chumba cha floti (boya linalodhibiti kiwango cha petroli ndani ya kabureta) imelika ncha, hivyo petroli ilipanda kupita kiwango na kumwagika ndani ya injini. Aliibadilisha, akasafisha vitundu vya kupimia petroli (jeti) kwa kompresa, kisha akarekebisha choki (kilango kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi). Gari linawaka vizuri. Moshi, hata hivyo, haujaisha kabisa: Mbeya iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa ukanda wa chini huendelea kumimina petroli nyingi kupita kiasi, ilhali kompyuta ya EFI husoma sensa ya oksijeni na kurekebisha mchanganyiko ukaribie gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli.

Kilichonizuia kuhamia EFI ni vile vinavyoandamana nayo, yaani nyaya, kompyuta na pampu ya umeme yenye msukumo mkubwa. Anayenunua gari leo achukue la EFI bila kusita. Mimi nimemwagiza fundi anitafutie jeti yenye tundu dogo zaidi.